Mapengo ya Padri Fintan

Albert Park, Durban
9 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, kazi inaendelea, na joto la huku mwezi huu halina adabu. Mtu anaoga asubuhi, akifika kituo cha taksi ameshaloa tena. Wasalimie wote hapo Himo, mwanao Boniface na mkewe, na mama akipita mwambie habari za goti nimezisikia, dawa ya kuchua nitampa Pandu, mfanyabiashara tunayefahamiana huku, akienda. Ninahazwe, yule Mrundi ninayekaa naye, anakusalimia ingawa hamjuani. Anasema mtu anayedai barua za karatasi zama hizi lazima awe askofu.

Sasa jambo langu. Nilikuambia kwamba huwa napiga filimbi bustanini wakati wa chakula cha mchana, kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi huku Berea. Wazee wanapenda, na wasiosikia vizuri wanapenda zaidi. Mwezi uliopita binti wa mmoja wao, naye ni mama mtu mzima tu, alisimama akanisikiliza mpaka mwisho. Anaitwa Noreen, na babu zake walitoka Ireland. Akaniuliza nyimbo za kwao nimezipata wapi. Nikamjibu kwamba filimbi ameikereza mjomba wangu kwa mpingo wa kwetu, na nyimbo zimetoka parokiani. Hakuamini. Nikampigia ule tunaouita "Mama Mkwe Kafika," akakaa chini kwenye majani na sketi yake nyeupe.

Basi kumbe wao hukutana kila Jumapili alasiri kwenye ukumbi mmoja Morningside, watu kama kumi hivi, wengi wa fidla, wawili wa filimbi za mbao kama yangu, mmoja wa kodiani. Hawatumii karatasi. Wanakaa duara, mmoja anaanzisha, wanaoujua wimbo wanaingia, wasioujua wanatulia na kusikiliza. Wanaurudia wimbo mara tatu, halafu wanarukia mwingine bila kusimama. Na mgeni lazima aombwe aanzishe wake. Nilipoombwa nikaanzisha "Mama Mkwe." Kwao una jina jingine, lakini wote waliujua, wakaingia kwa furaha.

Mjomba, nilipata aibu. Nilipofika kwenye pengo la kwanza nikanyamaza kama ulivyotufundisha, nikisubiri makofi. Wenzangu hawakunyamaza. Wakapita moja kwa moja, pale ambapo sisi tunaacha kimya wao wana noti. Ikawa hivyo mapengo yote manne. Kwenye la tatu nilishainua mkono kupiga makofi mwenyewe kwa mazoea, filimbi nusura inidondoke. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Noreen alinieleza kwa upole. Anasema mpiga filimbi lazima aibe noti hapa na pale ili avute pumzi, lakini akiiba hapa mara hii, mara nyingine anaiba kwingine, ili asikamatwe. Anasema mimi naacha palepale kila mara, hata nikiwa na pumzi ya kutosha. Niambie, Mjomba, yale mapengo yetu ni ya wimbo au ni ya nani?

Mpwa wako,
Sia


Himo
9 Machi 2025

Sia mwanangu,

Marahaba. Milele, amina. Barua yako imefika Jumatano ya Majivu, kwa hiyo niliisoma nikiwa tayari katika hali ya toba, bahati yako. Hapa hatujambo. Mke wa Boniface amejifungua mtoto wa kike, ameitwa Anaïs, jina walilolitoa kwenye televisheni, na mimi sikuulizwa. Mama yako anachechemea lakini ulimi hauchechemei hata kidogo. Mvua bado. Mpingo nilioletewa kutoka Kilwa umekauka vizuri na nimeshaukatakata.

Mwambie huyo rafiki yako kwamba mimi si askofu, ila maneno ya simu yanapotea hewani, na karatasi mtu anaweza kuisoma mara mbili kabla ya kukasirika. Yako nimeisoma mara mbili.

Mapengo ni ya wimbo. Sijui kwa nini unaniuliza. Nilipomaliza darasa la saba Padri Fintan alinichukua kwenye karakana ya parokia, akanionyesha filimbi yake, akasema mti huu umetoka kwenu ukaenda kwetu ukarudi. Alinifundisha kukereza na alinifundisha kupiga. Hakunipa karatasi. Aliniambia, angalia vidole vyangu, sikiliza, fanya kama mimi. Nilifanya kama yeye. Aliponyamaza nilinyamaza. Kila Jumapili baada ya misa alipiga nje ya kanisa, na akinyamaza akina mama wa jumuiya wanajaza kwa makofi, pa-pa, naye anaendelea. Mpaka leo kikundi changu cha wapigaji kumi na wawili wananyamaza pamoja kama mtu mmoja, na hakuna harusi wala kipaimara hapa tusipoitwa. Watu wanatusifia yale mapengo kuliko noti zenyewe.

Hao wa Durban wamezaliwa Afrika Kusini. Padri Fintan alizaliwa Ireland kwenyewe. Nani amwamini nani?

Kwaresima sipigi, unajua. Pasaka ikipita nitaupiga "Mama Mkwe" wote, Boniface aurekodi kwa simu yake, nikuletee wakausikie huko wenyewe. Halafu waniambie nani mwizi wa noti.

Boniface amepita nyuma yangu anasema nikuandikie habari za kikohozi. Nimemwambia barua hii ni yangu, akitaka aandike yake.

Mjomba wako,
Anselmo


Albert Park, Durban
6 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Jina zuri, usiwanunie. Ninahazwe kasema kwao Bujumbura wako Anaïs wengi na wote wanaringa. Huku hatujambo. Lifti ya jengo letu imekufa tena, kwa hiyo nina mapafu ya mpanda mlima.

Nimekusikia. Nilimwambia Noreen kwamba Padri Fintan alizaliwa Ireland kwenyewe. Kisha nikawaeleza wote habari ya makofi ya akina mama. Walifurahi sana, wakataka kujaribu. Mjomba, ungewaona! Wazungu wanane wanapiga makofi kila mtu kwa saa yake, mwenye kodiani kakosa kabisa akapiga meza, glasi ikaanguka. Tulicheka mpaka tukashindwa kupuliza.

Baadaye tukiwa kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, Noreen ananirudisha na gari lake, aliniuliza Padri alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mnene, mwembamba? Alikuwa akitembea kwa miguu kwenda vigangoni? Nikamwambia sikumkuta, nimezaliwa alishaondoka. Akasema neno moja kuhusu yale mapengo. Nitakuambia siku nyingine, si neno la kuandika.

Kikohozi gani hicho anachosema Boniface?

Nasubiri rekodi. Pandu atakuja Dar baada ya Pasaka kufuata mzigo wake wa vitenge, na ameahidi kupanda mpaka Himo kwa shemeji yake. Umpe yeye.

Sia


Himo
11 Mei 2025

Sia,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema, mbuzi tulichinja, mama yako alikula akasahau goti. Kahawa imeanza kuiva.

Pandu amefika, mtu mstaarabu, amekunywa chai na kula ndizi za nyama mara mbili. Katika mazungumzo nikamuuliza kama aliwahi kuingia kwenye huo ukumbi wa Morningside unakopigia. Akasema, "Mzee, mie siingii, pale ni baa." Akaona uso wangu, akaanza kuuliza bei ya kahawa.

Ukumbi! Padri Fintan alitupa sisi vijana nadhiri ya kutogusa pombe, na mimi sijaigusa mpaka leo. Filimbi ile niliikereza kwa mikono yangu nikaibariki kwa maji ya baraka, na wewe unaiweka mezani katikati ya bia. Ndiyo maana glasi ilianguka. Nilijiuliza glasi ya nini.

Haya, nimesema, imekwisha. Ukinywa soda kunywa soda.

Nimempa Pandu kadi ya kumbukumbu ya simu ya Boniface yenye rekodi. Nimeupiga mara tatu kama wanavyotaka wao. Boniface alitaka nirudie siku nyingine, nikakataa, imetosha. Wasikilize.

Kikohozi ni vumbi.

Anselmo


Albert Park, Durban
8 Juni 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba radhi kwa habari ya baa. Ni baa kweli, nilijua ungekasirika, nikaona neno ukumbi lina heshima zaidi. Nakunywa soda ya tangawizi, na Noreen ni shahidi. Mama umpe salamu, na mtoto, na akina mama wa jumuiya.

Rekodi nimeipata Jumatatu. Sikuwapelekea wenzangu. Niliisikiliza jikoni peke yangu, kisha na Ninahazwe, kisha peke yangu tena. Kwanza nilifurahi tu kuisikia filimbi yako, ile sauti nene ya chini ambayo hana mwingine. Halafu nikaanza kusikia kitu.

Mjomba, mapengo ya Padri ni manne. Nayajua kama ninavyojua meno yangu. Wewe mwenyewe ulitupiga vidole kwa fimbo ya mforosadi tukiongeza la tano. Kwenye rekodi hii mara ya kwanza kuna manne na moja la ziada mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Nikasema labda umechoka. Mara ya pili kuna ya ziada matatu. Mara ya tatu nimeshindwa kuyahesabu, unakatiza katikati ya mzunguko wa noti, mahali ambapo mtu hakatizi hata kwa bahati mbaya. Na ulipomaliza, kabla Boniface hajazima, kuna mtu anavuta hewa kama anayepandisha ndoo kisimani.

Ninahazwe si mtu wa muziki. Alisikiliza akiwa anasuka nywele za mtu, akasema, "Eish, dada, huyu muzee iko mugonjwa." Sikumwambia kitu chochote kabla.

Nafanya kazi na wazee, Mjomba. Sauti ile naisikia kila siku nikiwageuza kitandani. Naogopa, na nakuambia wazi kwamba naogopa. Miaka yote hiyo umekereza mpingo bila kufunga hata kitambaa puani, na vumbi la mpingo ni kali. Nenda hospitali wakupige picha ya kifua. Si lazima uwe umezidiwa. Nenda tu.

Wako,
Sia


Himo
6 Julai 2025

Sia,

Marahaba. Tunaendelea. Kahawa tunachuma. Mbuzi mmoja kazaa mapacha, mmoja kafa.

Nimesoma barua yako mara mbili kama desturi yangu na bado nimekasirika. Simu ya Boniface ni ya bei ndogo, inakata sauti. Siku ile kulikuwa na upepo. Pia nilikuwa nimetoka kula. Na kama mtu anapiga wimbo wake mwenyewe kwa miaka hamsini ana haki ya kuongeza pengo anapotaka, pengo ni pambo, na pambo mtu huongeza kadiri anavyokua. Nyie wa huko mnajua kujaza tu.

Mimi nilikupeleka huko shule za watu ukajifunza kugeuza wagonjwa, sasa kila mtu kwako ni mgonjwa. Mtu mzima hapandi gari kwenda Moshi kwa sababu ya kohozi. Wakikupiga picha lazima waone kitu, ndiyo kazi yao. Mzee Urbain, seremala mwenzangu, alikwenda na miguu yake kupimwa, akarudishwa amelazwa. Nilimzika Desemba.

Mama yako usimwambie. Nakukataza.

Na usinitumie tena habari za yule mama wa baa na maneno yake yasiyoandikika.

Anselmo


Albert Park, Durban
31 Agosti 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Niliandika mwishoni mwa Julai, sikupata jibu. Labda barua imepotea, labda imesomwa mara mbili. Mimi mzima. Baridi ya huku imepungua. Ninahazwe amepata kibanda chake cha kusuka karibu na sokoni, tumefanya sherehe ndogo ya wali na samaki.

Boniface alinipigia simu. Usimgombeze, nilimlazimisha. Anasema mashine ya kukerezea iko kimya tangu mwezi wa saba, na kwamba unalala umekaa kwenye kiti. Anasema ukienda mpaka kanisani unasimama njiani mara nyingi ukijifanya unatazama migomba ya watu. Wanakusalimia wakidhani unawasubiri wao. Mama anajua, Mjomba. Mama hakuambiwa, ana macho.

Waswahili walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Ningeweza kukuandikia kurasa kumi za maneno hayo na wewe ungeniandikia habari za mbuzi. Kwa hiyo sibishani tena. Nakuletea kitu, kiko ndani ya kadi hii ambayo Pandu atampa Boniface.

Nimeupiga "Mama Mkwe Kafika" mzima, bila pengo hata moja. Najua unavyoona jambo hili. Hukuniruhusu, na sikuomba. Noreen alinifundisha noti zinazokaa ndani ya yale mapengo manne, moja moja, kwa sikio, kila mtu na filimbi yake, goti kwa goti. Ni noti chache, mtoto angezishika kwa siku moja. Mimi zilinichukua majira yote ya baridi, kwa sababu kila nikifika pale vidole vinanyanyuka vyenyewe na kusubiri makofi. Ninahazwe alisema, "Dada, iyo wimbo utaipiga mpaka jengo ianguke?" Mwanzoni niliona kama natembea juu ya kaburi la mtu. Sasa nazipiga, na pumzi naivuta kwa wizi kama wenzangu, kila mara mahali tofauti, kwani mimi, namshukuru Mungu, nina kifua kizima.

Sikuambii ni nzuri au mbaya. Sikuambii alichosema Noreen. Kaa mahali penye utulivu, mwambie Boniface aweke sauti ya kutosha, usikilize mpaka mwisho.

Wako daima,
Sia


Himo
28 Septemba 2025

Sia mwanangu,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya Julai ilifika, haikupotea. Niliiweka kwenye kabati kwa sababu sikuwa na la kujibu ambalo lingekuwa kweli. Mama yako yuko hapa kwangu wiki ya pili sasa, ananipikia uji na kunisimanga. Mtoto ameota jino. Mvua za vuli bado, lakini mawingu yapo.

Kadi niliipokea Jumapili iliyopita. Boniface aliiweka kwenye simu tukiwa barazani, mama yako akimenya ndizi. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nakuambia ukweli. Ulipoanza nikasema moyoni, anapiga vizuri huyu, vidole vimekuwa vyepesi, nimefundisha mtu. Kisha ukafika kwenye pengo la kwanza ukapita.

Nilimwambia Boniface arudishe. Akarudisha. Ukapita tena.

Sia, ile noti naijua. Niliwahi kuisikia. Sikuwa nimeikumbuka miaka hamsini, na nilipoisikia kwako nikamwona Padri Fintan amesimama mlangoni pa karakana, mwaka ule wa kwanza, ana nywele nyekundu na mkono wa shati umekunjwa, anaipiga. Mwaka ule wa kwanza hakukuwa na mapengo. Nilikaa pale barazani nikahesabu, mama yako akidhani nasali. Mwaka wa kwanza hakuna. Pengo la kwanza lilikuja baada ya zile mvua kubwa alipokuwa akitembea vigangoni kwa miguu. La pili mwaka uliofuata. La tatu na la nne yalikuja pamoja, karibu na Noeli, na sisi vijana tulifurahi, tukasema Padri anaongezea utamu, tukakaa mpaka usiku kujifunza yote manne tusipitwe. Alipoyafikisha manne hakukaa sana. Wakamsafirisha kwao kupumzika, na barua iliyosema amefariki ilisomwa kanisani kabla hata kahawa haijaiva.

Hakuna aliyetuambia kifua. Naye hakusema. Alikuwa akiondoa filimbi mdomoni, anatabasamu, ananyoosha mkono kwa akina mama, nao wanapiga makofi, na kumbe anatafuta hewa. Tulikuwa tunamsikia akifa kila Jumapili baada ya misa, na tulimpigia makofi.

Najua sasa huyo Noreen alisema nini kwenye gari. Mwambie hakukosea. Na wewe nakushukuru kwamba hukuliandika.

Kikundi nimewaita Alhamisi. Nimewasikilizisha. Gloriose, yule anayeongoza nyimbo upande wa wanawake, aliuliza sasa makofi tutayapiga wapi. Nimemwambia wapige mwishoni kama watu wengine. Wameanza kujifunza zile noti kwako, ndani ya simu, mimi nakaa pembeni naangalia vidole. Kupuliza siwezi tena, nisikudanganye. Nikijaribu sehemu ya kwanza tu naona giza.

Hasira niliyokuandikia Julai haikuwa yako. Nilijua nilichokisikia kwenye ile rekodi hata kabla Pandu hajaondoka nayo, ndiyo maana nilikataa kurudia. Nilikuwa natumaini ninyi huko mtaona ni pambo. Hofu yangu ni ya Mzee Urbain, kwamba nitakwenda na miguu yangu nirudishwe nimelazwa. Bado ninayo. Lakini Padri alikuwa na sisi vijana wake na parokia nzima mbele yake na hakusikika, na mimi nimesikika mpaka Durban. Itakuwa ni kumtukana Mungu nikiendelea kukaa kwenye kiti.

Kesho alfajiri Boniface ananipeleka Moshi hospitali. Mama yako anakuja pia, hakuna wa kumzuia. Nguo nimeshafunga. Wakitaka picha wapige picha, wakitaka kunilaza wanilaze. Daktari akiniuliza tangu lini, nitamwambia tangu lini.

Mjomba wako anayekupenda,
Anselmo